Mkeka Hauchaniki

Ndoo ya tatu ya maji ilipomiminwa yote, Ephraim alipiga magoti, akashika nyundo, akaanza kupigilia misumari kutoka katikati ya mkeka kwenda kwenye ncha. Anayeanzia ncha, mkeka humtunia tumbo katikati, na mpira ukigonga pale huruka kwenda kutafuta meno ya mtu. Hayo alifundishwa na baba yake, aliyetunza uwanja wa klabu moja ya kriketi Nairobi kwa miaka ishirini na sita, na hakuruhusiwa hata siku moja kuukanyaga mkeka ule akiwa na gongo la kupigia mkononi.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kiwanja chenyewe kilikuwa changarawe tupu nyuma ya maghala makuukuu, na katikati yake kipande kirefu cha zege ambacho bila mkeka juu yake hakichezeki. Ng'ambo ya ukuta, kreni za Bandari ya Jeddah zilikuwa bado zimewashwa taa.

"Vuta kidogo," Ephraim alimwambia Valentine aliyeshika ncha ya pili. "Si ng'ombe huyo, ni mkeka."

"Mimi navuta tu. Ukichanika ni wewe ulishona."

"Huu hauchaniki."

Valentine alicheka. Alikuwa karani wa kuhesabu makontena bandarini, kijana wa Kisumu mwenye maneno mengi, na jana yake jioni walikuwa wameandikiana maneno hayohayo kwenye simu. Valentine aliuliza, "Mkeka wa kesho vipi?" Ephraim akajibu, "Mkeka niko nao. Huu hauchaniki. Bandari tunashinda, andika." Valentine alifurahi mno, akayapiga picha maneno yale na kuyabandika kwenye ukurasa wake, wote wenye namba yake wayaone.

Utani wenyewe ulikuwa hivi. Nairobi, mkeka ni kitu cha kukalia, lakini pia ni ile orodha ya mechi ambazo mtu amezichezea kamari kwenye simu. Mechi moja ikikuangusha, mkeka umechanika, na hakuna Mkenya wa rika lao asiyelijua neno hilo. Ephraim hakuwa amecheza kamari tangu alipofika Saudia, nchi ambayo kamari ni haramu kwa dini na kwa serikali, na hata kwao alicheza mara mbili akaona upuuzi. Lakini mtu anayebeba mkeka kila Ijumaa atakosaje kutaniwa? Na akitaniwa, atakosaje kujibu?

Mkeka wenyewe ulikuwa wa makumbi ya nazi, vipande viwili vilivyoungwa. Kipande kimoja kilitoka kwenye stoo ya kina Soud, nahodha wao, huko mtaa wa Al-Baghdadiyah. Cha pili Ephraim alikipata kwa mlinzi wa ghala aliyekuwa akienda kukitupa. Aliviunganisha mwenyewe kwa sindano ya magunia na kamba ya nailoni, jioni kumi na moja mfululizo, vidole vikamvimba hata madam, mke wa tajiri wake, akamuuliza kama ana ugonjwa. Tangu hapo ndio ukawa mkeka wa ligi nzima. Wenye ligi waliahidi kununua wa kwao misimu miwili iliyopita, na ahadi yao ilikuwa bado nzima, haijatumika hata kidogo.

Klabu ya Bandari ilianza msimu na watu kumi na wanne. Mrushaji wao wa kasi, Noah, alirudishwa Kenya mwezi wa kumi na moja, mkataba umekwisha. Wawili walihamishiwa mji wa Yanbu kwa simu ya dakika mbili. Mdakaji wao alinyimwa Ijumaa na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini nchini, akabaki kuuliza matokeo kwa simu kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Walishindwa mechi saba, wakashinda moja, na hiyo moja ni kwa sababu wenzao walifika watu wanane. Sasa walikuwa kumi na mmoja kamili, Soud akiwa amempachika binamu yake ambaye hajui kriketi ila anajua kusimama pale anapoambiwa.

Leo ilikuwa mechi ya mwisho. Wakishinda, wangeipita klabu nyingine kwa pointi moja na kubaki. Wakishindwa wangekuwa mkiani, na klabu ya mkiani hufutwa kwenye orodha, saa zake za uwanja wakapewa walio kwenye foleni. Ephraim alikuwa dereva wa nyumbani mtaa wa Al-Hamra. Siku sita na nusu za wiki aliitwa kwa mlio wa simu: peleka, rudisha, ngoja hapa. Zilizobaki ni hizi saa nne za Ijumaa asubuhi, kabla nyumba ile haijaamka, ambapo watu walimwita kwa jina lake na kumpa mpira mkononi. Aliiogopa Ijumaa tupu kuliko alivyoogopa jua la mwezi wa nane, na hakuona haya kujikiri hivyo.

Soud alifika na karatasi ya majina. Babu yake alihama Unguja mwaka sitini na nne, na Soud mwenyewe alizaliwa Al-Baghdadiyah, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe, utadhani ametoka jana.

"Nimeshakwandikeni," alisema. "Mie 'Mister Soud', wewe 'Ephraim, dereva'. Fomu yao ndivyo itakavyo. Mwenye ikama, kibali cha ukaazi, cha kazi ya ofisini anatiwa Mister, wa chini anatiwa kazi yake."

"Zamani ndivyo ilikuwa?"

"Zamani hukohuko Uingereza, enzi za yule malkia wao mkongwe, klabu zilikuwa na mlango wa mabwana na mlango wa wachezaji wa kulipwa. Wenyewe wameshauziba. Sisi tumeuokota."

Wapinzani wao walikuwa klabu ya Korniche, watu wenye jezi zinazofanana mpaka soksi. Wao walihitaji ushindi huu ili waingie fainali ya Ijumaa ijayo, ambayo wangeicheza hapahapa dhidi ya mabingwa wa Riyadh. Miongoni mwao kulikuwa na Mkenya mmoja, Jackton, fundi wa viyoyozi, aliyesoma shule moja na binamu ya Ephraim. Walipeana mkono.

"Umetandika vizuri, buda," Jackton alisema akiukanyaga mkeka kwa kisigino.

"Karibu ukalie."

Korniche walianza kupiga. Jua lilikuwa bado la upole, na mkeka ulikuwa na ule unyevu wa ndani ambao hudumu kama saa moja tu, nao ndio unaoushika mpira na kuupindisha. Ephraim hakuwa na kasi. Alikuwa na vidole, na aliujua mkeka ule mshono kwa mshono. Alirusha polepole, mpira ukaelea, ukagusa makumbi, ukageuka. Wa kwanza alipiga hewa, vijiti alivyovilinda vikaanguka nyuma yake, akatoka. Wa pili akadakwa. Hata yule binamu ya Soud, aliyesimama pale alipoambiwa, mpira ulimfuata tumboni akaukumbatia kwa hofu, na mtu akatoka. Ephraim aliwatoa watano peke yake. Korniche wakamalizika kwa mikimbio sabini na moja.

"Sabini na mbili tu," Valentine alisema akivaa pedi za miguuni. "Hii hata mama yangu anaweza."

Ilipofika saa mbili na nusu walikuwa na hamsini na mbili, watatu tu wametoka, Valentine na Soud wako kati wanakimbia. Bado ishirini. Ephraim alikaa kwenye ndoo yake iliyofunikwa, akahesabu kwa vidole, akajizuia asitabasamu. Ng'ambo, nahodha wa Korniche alikuwa amesimama na Jackton, wanaangalia simu moja. Nahodha aliuliza kitu. Jackton akajibu kwa neno moja, akicheka. Nahodha hakucheka. Alisogea pembeni akapiga simu.

Haikupita robo saa, gari jeupe likaingia likasimama kwenye mstari wa mpaka. Akashuka Usama, mratibu wa ligi upande wa Jeddah, mtu nadhifu ambaye hakuna aliyewahi kumwona bila faili lake la plastiki. Aliinua mkono, mwamuzi akasimamisha mchezo.

"Ephraim, dereva," alisoma. "Nani?"

Ephraim alisimama. Usama alizungumza Kiarabu, Soud akaja mbio kutafsiri, ingawa mengi Ephraim aliyaelewa. Kiarabu cha kuamriwa alikuwa na miaka mitano nacho.

"Anauliza, haya maneno yako?" Soud alisema. Kwenye simu ya Usama ilikuwepo ile picha ya Valentine.

"Yangu."

"Amepata lalamiko. Ameambiwa mkeka maana yake kamari. Kwamba umecheza kamari juu ya mechi hii, tena una uhakika wa matokeo."

Valentine alitupa gongo chini. "Kamari gani? Si mkeka ndio huu tumesimama juu yake?"

Soud alimgeukia Usama akaanza kueleza, kwa ustaarabu wote, kwamba kwao Unguja mkeka ni mkeka: mtu anaukalia, anauswalia, akifa anafunikwa nao. Hajapata kusikia katika maisha yake kwamba una maana nyingine. Alisema kweli, na kwa sababu alisema kweli alisema kwa nguvu, hata Usama akaanza kulegea. Aliuangalia mkeka. Aliinama, akaugusa.

"Hii ndiyo 'mkeka'?"

"Hii ndiyo."

"Basi kwa nini yule aseme ni kamari?" Usama akaonyesha kidole kwa Jackton.

Wote wakamgeukia Jackton. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Ephraim alimtazama, akajua kwamba mtu huyu hakukusudia ubaya. Aliulizwa neno akalijibu, kama mtu anavyojibu akiulizwa saa.

"Ni yote mawili," Jackton alisema. "Kwetu Nairobi ni yote mawili."

Tafsiri ilikuwa mikononi mwa Soud. Angeweza kugeuza. Lakini nahodha wa Korniche alijua Kiarabu, na Jackton alikuwa ameshamwambia kwa Kiingereza.

"Na wewe," Usama alimwambia Ephraim, "ulipoandika, ulikuwa na maana ipi?"

Hapo ndipo angesema mkeka wa makumbi tu, na labda yangeishia hapo. Lakini Ephraim alilelewa na mtu aliyeamini kuwa mkeka ukipigiliwa kwa hila hujitokeza mbele ya watu. Tena alikuwa amechoka kuulizwa.

"Nilikuwa nataniana na mwenzangu. Mkeka ni huu. Ile nyingine ilikuwa utani."

"Kwa hiyo neno la kamari lilikuwemo."

"Kama utani, bosi."

"Utani siuandiki kwenye ripoti," Usama alisema, si kwa ukali. "Nitawauliza Riyadh."

Alirudi garini akafunga mlango. Walimwona kupitia kioo akizungumza na ofisi ya ligi Riyadh, akitikisa kichwa, akiandika. Huko Riyadh, kilomita mia tisa na zaidi, kulikuwa na mtu kwenye Ijumaa yake ya mapumziko, pengine bado na nguo za kulalia, ambaye hajawahi kuuona mkeka huu wala kuulizwa unashonwaje. Ilimchukua dakika nne. Wachezaji wa Bandari walisimama juani. Maji ya mkeka yalikuwa yamekauka, makumbi yamerudi rangi yake ya kahawia.

Usama alishuka.

"Halas, imekwisha. Riyadh wanasema, penye shaka la kamari mechi haichezwi. Pointi zinakwenda kwa aliyelalamika. Mimi sina la kufanya, ni Riyadh."

"Bado ishirini," Valentine alisema. "Ishirini tu, na wako sita hawajapiga."

"Mafi," Usama alisema. Hakuna.

Kisha akatoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa ya Kiarabu, mistari sita. Soud aliisoma mara mbili, akashusha sauti.

"Inasema wewe, Ephraim, dereva, unakiri kutumia neno la kamari katika mazungumzo yanayohusu mechi, na unaondolewa kwenye ligi. Ukitia sahihi, wanafunga jalada hapahapa. Usipotia, wanampelekea kafili wako na polisi." Akaisukuma karatasi kando. "Usiitie, yakhe. Tutakwenda Riyadh tukaseme."

"Tutaenda na nini? Nani atatupa ruhusa?" Ephraim alimfikiria baba, mwenye nyumba, akipokea karatasi yenye neno kamari na jina la dereva wake. Asingeuliza maana. Angeuliza tarehe ya ndege. "Neno nililitumia kweli. Leta kalamu."

Alitia sahihi juu ya boneti ya gari, boneti yenyewe imeanza kuunguza. Aliandika jina lake lote, la baba yake likiwamo, Ephraim Odero Ochieng, ingawa fomu ilikuwa na nafasi ya jina moja. Herufi za mwisho zikapita mstari.

Korniche hawakushangilia, hilo nalo liandikwe. Walikusanya mifuko yao kama watu waliookota kitu kisichokuwa chao. Jackton alikuja peke yake, akapiga magoti upande wa pili wa mkeka, akaanza kung'oa misumari.

"Sikujua atapiga simu," alisema. "Aliniuliza tu."

"Ulimwambia ukweli."

"Ningesema ni mat, basi."

"Anza ncha, uje katikati," Ephraim alimwambia. "Ukianza katikati unapasua uzi."

Waling'oa misumari yote, wakaukunja, wanne wakaubeba mpaka kwenye pikapu kuukuu ambayo mwenye nyumba alimruhusu kuitumia Ijumaa. Usama alikuja na faili lake kwapani.

"Ijumaa ijayo ni fainali. Wageni wa Riyadh wanakuja. Mkeka uletwe saa kumi na moja alfajiri, na wewe uutandike vizuri kama leo. Kutandika si kucheza, hakuna tatizo."

Ephraim alimwangalia. Kweli mtu yule hakuona tatizo. Mkeka uliowafukuza ndio huohuo uliotakiwa kuwakaribisha wageni, na hakuona.

"Inshallah, bosi," Ephraim alisema. Ni neno ambalo kila dereva wa Jeddah analo, na kila bosi hudhani anajua maana yake.

Alifika Al-Hamra saa nne na nusu, akaoga, akapiga pasi shati jeupe. Familia ilirudi kutoka swala ya Ijumaa, akawapeleka kwa shangazi yao kula, akawarudisha. Madam alimwuliza kwa nini kimya leo.

"Nimechoka kidogo, madam."

"Mpira?"

"Halas, madam. Mpira umekwisha."

"Vizuri," madam alisema kwa upole. "Sasa Ijumaa asubuhi utaweza kumpeleka mama yangu hospitali ya meno." Akaandika kwenye simu yake palepale. Hakukusudia ubaya naye. Ephraim aliona jinsi Ijumaa ilivyochukuliwa, kwa kidole kimoja, kabla hata jua halijazama juu ya ile aliyopokonywa.

Saa kumi alasiri nyumba ilipolala, aliingia kwenye stoo iliyo kando ya chumba chake, getini. Aliukunjua mkeka mpaka ulipofika mshono. Alikaa chini, akachukua wembe, akaanza kukata uzi. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imekaa mahali pake. Mshono wa jioni kumi na moja ulifumuka kwa muda wa saa moja hivi. Vilibaki vipande viwili. Cha Soud alikifunga kwa kamba, kiende kwao Al-Baghdadiyah, kilikotoka. Cha pili alikibiringisha akakisimamisha ukutani. Chini pale zilibaki nyuzi nyingi za buluu, akazizoa kwa kiganja.

Alipotoka nje kutupa nyuzi, simu ililia. Ujumbe ulitoka kwa Usama, umeandikwa kwa Kiingereza chepesi ili dereva aelewe. Alimkumbusha mkeka wa Ijumaa. Alimshukuru mapema.

Ephraim aliegemea geti. Aliandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa kimeshaingia kwenye ripoti, na lugha iliyofikishwa Riyadh haina haja ya kuona haya Jeddah.

"Mkeka umechanika."

Akatuma. Alama za simu zilionyesha kwamba Usama ameusoma. Dakika tano baadaye Jackton akaandika.

"Buda, Usama ananiuliza hii inamaanisha nini. Ni ile ya bet ama ni ule mkeka wenyewe? Nimwambie aje?"

Ephraim aliitazama ule uzi wa mwisho uliokuwa bado umemganda kidoleni. Akautoa, akaandika.

"Mwambie ukweli. Ni yote mawili."